Baa za oti za matunda: maswali mnayoniuliza kila siku

Nilianza kuoka hivi vitu nikiwa Moshi, sasa hivi naishi Arusha, na kila nikipeleka trei kwenye kikao cha kikundi basi jioni simu haitulii. Maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, anza juu kama ndo mara yako ya kwanza, kama umeshaharibu trei nenda moja kwa moja kwenye matunda maana tatizo lako liko huko, naamini hivyo hata kabla hujaniambia.

## Ya mwanzo

Hizi baa ni kitu gani hasa, keki au biskuti?

Kwanza jina lenyewe ni shida, ukimwambia mtu "njoo nyumbani kuna baa" anakuja na kiu yake. Ni kitu cha tabaka tatu: chini umekandamiza mchanganyiko wa oti, unga, sukari na siagi, katikati kuna rojo ya matunda, juu unanyunyiza ule mchanganyiko uleule ukiwa chenga chenga. Unaoka kwenye trei moja afu unakata vipande vya mraba. Haina yai, haina maziwa, haihitaji mashine ya kupigia, vidole vyako vinatosha.

Asili yake ni ugenini, Waingereza wana bakuli lao la matunda lenye chenga juu linaloliwa kwa kijiko, na Canada wana za tende wanazokata vipande kama hivi vyetu. Sisi tuna maembe na plamu, kwa hiyo hatuna sababu ya kuwaonea wivu.

Oti si ndo shayiri?

Hapana, ni nafaka mbili tofauti, japo watu wengi wanaziita jina moja. Shayiri ndo ile ya kutengenezea bia. Dukani usiulize shayiri, omba oti, zile bapa za uji.

Ninunue zile kubwa au za kuiva haraka?

Mimi nachanganya, nusu kwa nusu. Kubwa zinatafunika vizuri juu ila chini hazishikani, ndogo zinashikana ila peke yake zinakuwa kama unga wa uji umekauka. Una kubwa tu? Chukua nusu yake, saga kwenye blenda mara mbili tatu za haraka, sio mpaka zimekuwa unga. Zile za pakiti zenye ladha na sukari tayari ziache, zitavuruga vipimo.

Dada naomba vipimo tu, maelezo baadaye.

Haya. Trei ya sentimita 20 kwa 20. Oti kikombe 1½ (kama gramu 150), unga wa ngano kikombe 1 (gramu 125), sukari ya brauni gramu 150, siagi gramu 125, chumvi robo kijiko cha chai, beking pauda nusu kijiko cha chai, mdalasini au iliki ukipenda. Rojo ni matunda yaliyomenywa na kukatwa gramu 400, sukari vijiko 3 vya chakula, konflawa kijiko 1½ cha chakula, maji ya limao kijiko 1 cha chakula.

Pika rojo kwanza, iache ipoe. Changanya vikavu vyote, fikicha siagi baridi humo mpaka ukikamata ngumini inashikana na ukiachia inavunjika. Theluthi mbili kandamiza chini ya trei uliyotandika karatasi ya kuokea, mwaga rojo, nyunyiza iliyobaki juu bila kuikandamiza. Oveni nyuzi 180, dakika 35 mpaka 40. Acha ipoe kabisa. Hilo neno "kabisa" ndo watu hawalisomi.

Sina mzani wala kikombe cha kupimia.

Tumia kikombe kimoja cha chai kuanzia mwanzo mpaka mwisho, uwiano ndo muhimu. Siagi nunua ya gramu 250 kata katikati, hapo huhitaji mzani. Sukari ni kikombe ambacho hakijajaa, kibaki robo.

## Matunda (hapa ndo kuna vita)

Kwanini zangu chini zinakuwa tope?

Maji. Tunda bichi, yaani ambalo halijapikwa, ni maji kwa sehemu kubwa sana, ukiliweka bichi katikati ya trei linatoa yale maji yote ndani ya oveni na yanakwenda wapi? Yanashuka kwenye oti za chini, na oti kazi yake ni kunywa maji, si ndo maana tunapikia uji. Kwa hiyo unakuwa umeoka uji.

Trei yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya embe, Moshi, mwezi wa kwanza, joto lile la kufa mtu, nikakata maembe mazuri yaliyoiva nikayapanga mabichi nikaoka. Juu ilitoka rangi ya dhahabu, nikaita watu. Nilipokata ikafuata kisu. Mama mkwe alionja kwa heshima zake zote, akatulia kidogo, akasema "mwanangu, huu mtori wako una sukari." Tangu siku hiyo napika rojo kabla, na hata niwe na haraka vipi naiacha ipoe, kwa sababu rojo ya moto inayeyusha siagi ya chini kabla haijafika oveni na unarudi kulekule kwenye tope.

Nitajuaje rojo imeiva?

Weka matunda na sukari kwenye sufuria pana, pana ni muhimu maana mvuke unapata pa kutokea, chemsha moto wa wastani. Dakika kumi za kwanza utaona maji yanazidi, usiogope, ndo yanatoka kwenye tunda. Baadaye mapovu yanabadilika, yale madogo ya haraka yanakuwa makubwa mazito yanayopasuka taratibu na kukurushia, hapo vaa mikono mirefu. Koroga konflawa kwenye maji kidogo ya baridi, mimina, endelea kukoroga dakika mbili mpaka ule weupe upotee na rojo ing'ae.

Kipimo changu: pitisha mwiko katikati ya sufuria mpaka chini. Njia ikijifunga papo hapo, bado. Ukiweza kusema "moja, mbili, tatu" bado unaona chini ya sufuria, epua. Limao weka baada ya kuepua, ukichemsha konflawa na kitu kichachu muda mrefu inapoteza nguvu na rojo inalegea tena.

Matunda gani yanafaa kwa huku kwetu?

Ukiniuliza mimi, plamu, zile zinazoshuka kutoka Lushoto mwishoni mwa mwaka. Zina uchachu, na baa hizi zinataka uchachu kwa sababu chenga zenyewe ni tamu na mafuta. Maganda usimenye, yanayeyuka na yanatoa ile rangi nyekundu ya kuvutia. Msimu wake mfupi, nikizikuta soko la Kilombero hapa Arusha nanunua ndoo nzima, nazitoa kokwa na kugandisha.

Nanasi linafaa sana na lipo mwaka mzima, ila lina maji kuliko unavyodhani. Kata vipande vidogo kama punje za mahindi, yale makubwa yanabaki kamba kamba kwenye meno. Embe chagua lililo gumu kidogo, bado lina uchachu, dodo lililoiva sana ni tamu mpaka linachosha, ukiwa nalo hilo tu ongeza pasheni mbili na punguza sukari. Pasheni peke yake ni ghali kuijaza trei na ni chachu mno, kazi yake ni kuchangamsha wenzake. Mbegu zake mimi naziacha.

Mapera watu wanayadharau, jamani, mapera! Yanagandisha yenyewe, hata konflawa unaweza kuacha. Chemsha na maji kidogo, pitisha kwenye chujio mbegu zibaki (usijaribu kuacha, zitavunja jino la mtu), ule uji uliobaki rudisha motoni na sukari. Utapata rojo ya waridi ambayo hata ukikata ya uvuguvugu haimwagiki.

Ndizi kisukari zilizoiva mpaka zina madoa nazo zinaenda, ponda tu na limao, hazihitaji kupikwa wala sukari, ila ujue zinageuka rangi ya udongo, ladha nzuri sura mbaya. Papai silipendi humu, limepooza. Stroberi zinazolimwa huku Arusha ni nzuri ila zinanyauka kabisa, ukianza na kilo usishangae, na mimi kwa bei yake bora nizile hivyohivyo.

Nina tende tu, mwezi wa Ramadhani zimebaki.

Hizo ndo rahisi kuliko zote. Gramu 300 bila kokwa, maji kikombe kimoja, chemsha dakika nane huku unaponda. Sukari usiweke, konflawa usiweke. Ganda la chungwa lililokwanguliwa likiingia humo, utanikumbuka.

Naweza kutumia jamu ya dukani?

Unaweza, gramu 300 hivi, ongeza limao na punguza sukari ya chenga mpaka gramu 100. Acha sentimita moja pembeni bila jamu, maana ikigusa ukingo wa trei inachemka inaungua na kugundisha kila kitu. Kwa haraka ni sawa, ila ladha utaiona ni ya kopo.

## Chenga na mafuta

Lazima siagi? Blue Band je?

Blue Band inafanya kazi, wengi wetu ndo tulianzia hapo. Ina chumvi tayari kwa hiyo chumvi ya ziada acha. Siagi halisi inatoa harufu ambayo majarini haina, mimi nikioka kwa ajili ya wageni nanunua siagi, nikioka kwa ajili ya watoto wa nyumbani wala hawajui.

Mafuta ya nazi yakiwa yameganda weka gramu 100 badala ya 125, kwa sababu siagi ina maji ndani yake na nazi ni mafuta matupu. Na nanasi yanaelewana mno. Mafuta ya alizeti nayo gramu 100, ila chenga zinatoka ngumu na kavu, weka vijiko viwili vya maji zishikane.

Chenga zangu zimekuwa donge moja. / Zangu zinamwagika kama mchanga.

Donge maana yake siagi iliyeyuka mikononi, Moshi kwenye miezi ya joto hii ni kawaida. Weka bakuli zima kwenye friji dakika ishirini afu likwangue kwa uma, litarudi. Mchanga maana yake siagi haitoshi au hujafikicha vya kutosha, ongeza kijiko kimoja, fikicha tena. Arusha mwezi wa sita na wa saba siagi inakuwa jiwe, itoe mapema au ikwangue kwenye kikwangulio cha karoti, mimi nafanya hivyo na dakika tano nimemaliza.

Sukari guru?

Ndio, ikwangue iwe laini. Inatoa ladha nzito ya asali iliyoungua, kwa ndizi ni balaa. Kwa embe inafunika embe.

## Moto

Sina oveni.

Wala mimi sikuwa nayo miaka mingi. Chukua sufuria kubwa nzito, chini mwaga mchanga mkavu safi kina cha vidole viwili, funika ipate moto dakika kumi na tano. Trei yako iwe ya duara inayoingia humo na kubaki nafasi pembeni. Ingiza, funika na mfuniko bapa wa bati, makaa mengi yakae juu, chini machache. Watu wengi wanafanya kinyume, wanajaza chini halafu wanashangaa kitako kimeungua na juu kumepauka.

Hesabu dakika 45, na usifunue kabla ya nusu saa. Utaisikia kwa pua: kwanza harufu ya siagi, baadaye ya oti zilizokaangwa kama karanga, ikifika hiyo ya pili ndo ufunue uangalie.

Umeme umekatika trei iko ndani, nifanyeje?

Usifungue mlango. Kama ilishapita dakika 25 joto lililobaki litaisukuma, iache humo nusu saa, mara nyingi inatoka salama. Kama ni dakika kumi za mwanzo, toa, funika, weka friji, utaoka ukirudi. Sio keki hii, haina kitu cha kutuama.

Arusha na Moshi kuna tofauti ya kuoka?

Kwenye kuoka kwenyewe karibu hamna, kwa sababu hakuna kinachotakiwa kuumuka. Tofauti iko kwenye rojo. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Moshi mjini iko chini zaidi, kama 97, pwani ni 100. Kwa hiyo ukifuata maelezo ya jamu yanayosema "mpaka ifike nyuzi 105" ukiwa Arusha utakuwa umeshatengeneza pipi, kwetu ni kama 100 tu. Ndo maana nakwambia fuata mwiko, achana na namba.

Juu imeungua, chini bado.

Trei ilikuwa juu mno kwenye oveni. Ishushe ngazi ya chini, ikianza kukolea mapema funika na foili. Na kama chini inakuwa laini kila mara, oka lile tabaka la chini peke yake dakika 12 kabla ya kumwaga rojo, kwa nanasi mimi nafanya hivyo siku zote.

## Kukata, kutunza, kusafirisha

Kwanini zinasambaratika nikikata?

Hujasubiri. Konflawa inashika ikipoa, siagi inashika ikipoa, ukikata ya moto huna kitu hata kimoja kilichoshika. Saa mbili mezani afu saa moja friji. Kisu kirefu, kandamiza kwenda chini mara moja, usisugue kama unakata mkate, na kifute kila ukikata mstari. Kama umesubiri na bado zinavunjika basi hukukandamiza chini vya kutosha, tumia kitako cha glasi.

Zinakaa siku ngapi?

Moshi kwenye joto, siku mbili nje basi. Arusha miezi ya baridi hata tatu. Friji siku tano, friza miezi miwili ukizifunga moja moja. Za friji zinalegea juu, zirudishe kwenye moto dakika sita zinakuwa kama mpya. Na sisimizi! Weka kopo kwenye sahani yenye maji, hakuna dawa nyingine.

Nataka kutuma Dar kwa basi.

Zigandishe usiku mzima, panga kwenye kopo gumu na karatasi kati ya tabaka, jaza nafasi zilizobaki ili zisicheze. Tuma za tende au mapera. Za nanasi usitume, ile siku nzima kwenye buti la basi itazimaliza.

## Ya pembeni

Mzee wangu ana kisukari, anaweza kula?

Wengi wananiambia "lakini ni oti". Piga hesabu: trei ina sukari karibu gramu 190, ukikata vipande 16 kila kimoja kina kama gramu 12, yaani vijiko vitatu vya chai, hapo hujahesabu sukari ya tunda wala unga. Oti haifuti hiyo. Kipande kidogo sana, na kwanza aulize anayemtibu. Za tende "bila sukari" nazo usidanganyike, tende ni sukari.

Kuna mtu hali ngano kabisa.

Badala ya unga wa ngano saga oti. Ila kama ni mgonjwa kweli wa kudhurika na gluteni (ile protini ya ngano), sio mtu wa kujaribu mlo, oti za kawaida mara nyingi zinachanganyika na ngano shambani na kiwandani, kwa huyo lazima pakiti iwe imeandikwa wazi haina gluteni. Bila maandishi hayo mpe tunda.

Naweza kuacha oti kabisa?

Weka nazi iliyokaushwa nusu na karanga zilizosagwa kidogo nusu, unapata kitu kitamu sana. Sijui tukiite nini lakini.

Nataka kuuza, nianze na bei gani?

Bei ya jirani usiifuate. Andika kila kitu: siagi, oti, matunda, karatasi, mkaa au umeme, boda ya kwenda sokoni, na muda wako, gawanya kwa 16. Siagi na oti ndo zinakula hela, tunda la msimu ni rahisi, kwa hiyo faida yako iko kwenye kufuata msimu. Ukiuza kwa majirani na ofisini anza tu, ukitaka kuingia madukani na lebo hapo ni mambo ya TBS (shirika la viwango), na wa kuwauliza kwanza ni SIDO (shirika la viwanda vidogo), wana ofisi mikoani na wanafundisha usindikaji wa vyakula kwa wanaoanza.

Na usianze na ladha sita. Mimi nilianza na sita, wiki ya pili nikawa na rojo za kila rangi kwenye friji na hakuna trei iliyojaa. Sasa naoka mbili tu, tende muda wote, na nyingine ni chochote kilichojaa sokoni wiki hiyo.

Zile zilizoharibika nizitupe?

Wewe! Vunja vunja, weka juu ya mtindi asubuhi. Nyumbani kwangu kuna wanaoombea ziharibike.